Trufu: Uyoga wa Ulaya Katika Meza za Kigali



Katika barua zilizonifikia majuma haya mawili, iko moja ya mama aishiye upande wa Kanombe, mke wa askari, aliyeuliza jambo ambalo katika ukurasa huu halijapata kuulizwa. Anasema walialikwa karamuni katika hoteli, wakaletewa viazi vya kukaanga vyenye harufu asiyoijua, naye alipouliza akaambiwa kwamba ni trufu. Sasa ataka kujua trufu ni nini, kama chakula hicho chafaa kwa watoto, na kama kichupa kidogo cha mafuta yake alichokiona katika duka kubwa la mjini chastahili bei iliyobandikwa. Swali lake limekuja kwa wakati mwema, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeonja chakula hicho kwa mara ya kwanza siku chache tu kabla ya barua kufika.

Trufu ni uyoga. Tofauti yake na uyoga tuujuao ni kwamba hautokezi kichwa juu ya ardhi. Huota gizani chini ya udongo, umeshikamana na mizizi ya miti kama mwaloni, na umbo lake ni la donge, mfano wa kiazi kilichokunjamana. Mti huupa uyoga sukari, uyoga nao huusaidia mti kufyonza maji na madini. Kwa kuwa hauna njia ya kupeperusha hewani mbegu zake zilizo ndogo kama vumbi, uyoga huu hutegemea wanyama: ukikomaa hutoa harufu kali, mnyama akaufukua na kuula, kisha akazitawanya mbegu aendako. Basi harufu ile ambayo matajiri huinunua kwa fedha nyingi, kwa asili yake ilikuwa wito kwa nguruwe mwitu na panya.

Aina zilizo mashuhuri ni mbili. Iko trufu nyeusi, ambayo jina lake limefungamana na jimbo la Périgord huko Ufaransa, na iko trufu nyeupe ya Italia, ambayo soko lake kuu liko katika mji wa Alba. Nyeusi hustahimili moto kidogo. Nyeupe aghalabu haipikwi, bali huparuzwa mbichi, vipande vyembamba kama karatasi, juu ya chakula cha moto kilicho tayari. Mwaka 2007 tajiri mmoja wa Macau, Stanley Ho, alinunua mnadani trufu nyeupe moja ya uzito wa kilo moja na nusu kwa dola 330,000 za Marekani. Msomaji na aisome tena hesabu hiyo. Mimi niliisoma mara tatu.

Yafaa nieleze ilikuwaje hata mtumishi wa serikali mwenye mshahara ujulikanao akaketi mbele ya chakula cha namna hiyo. Mume wa mdogo wangu ni polisi. Alikuwa amerejea kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako wanajeshi na polisi wetu wamekuwa wakitumikia chini ya Umoja wa Mataifa tangu 2014. Mwaka mzima alikuwa huko. Mwaka mzima mdogo wangu alibaki Nyamirambo na watoto watatu, akilipa karo, akilipa kodi ya nyumba, na kila mwisho wa mwezi akitazama makato ya mkopo wa Zigama, ile benki ya akiba na mikopo ya askari, waliouchukua kwa ajili ya kiwanja. Kila faranga iliyotoka aliiandika katika daftari la shule alilolificha chini ya godoro.

Shemeji aliporudi alitaka jambo moja tu: kumpeleka mkewe mahali ambapo hatapika, hataosha chombo, wala hatahesabu. Wenzake walikuwa wamemsimulia habari za mkahawa fulani katika kilima cha Kimihurura. Mdogo wangu hakutaka. Alisema mabati ya nyumba bado hayajanunuliwa. Wakabishana kwa upole siku mbili, kama wabishanavyo watu waliotengana muda mrefu na ambao kila mmoja aogopa kumwumiza mwenzake. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba na mimi niende nao, nadhani ili pawepo shahidi wa matumizi.

Orodha ya vyakula iliandikwa Kifaransa na Kiingereza. Tuliagiza vitu vitatu tuvile pamoja: viazi vya kukaanga vilivyonyunyiziwa mafuta ya trufu na jibini iliyokunwa, tambi kwa uyoga na malai, na yai lililopikwa laini juu ya kipande cha mkate uliochomwa, nalo pia likiwa na mafuta hayo hayo. Sahani ya tambi peke yake ilikuwa faranga 16,000. Mdogo wangu hakunena neno, lakini nilimwona amefumba macho kidogo, nikajua kwamba anazigawanya fedha zile kwa maharage na mafuta ya kupikia.

Viazi ndivyo vilivyotangulia. Hata kabla sahani haijatua mezani, mdogo wangu aliinuka nusu, akatazama huku na huku, akasema, "Gesi inavuja!" Hakuwa akifanya mzaha. Tangu walipoacha mkaa na kuanza kupikia gesi, amekuwa akilala usiku peke yake na watoto, naye pua yake imejifunza kazi ya ulinzi. Mhudumu, kijana mwenye adabu, akatueleza kwamba hiyo ndiyo harufu yenyewe ya chakula. Shemeji akainama, akanusa, akacheka. "Mama watoto," akasema, "hii si gesi. Hii ni samli ya nyanya yangu."

Kwa wasomaji wasiozaliwa katika nchi hii, yapasa nifafanue. Katika nyumba za wafugaji wa Rwanda kuna samli ya ng'ombe, amavuta y'inka, itengenezwayo kwa maziwa yaliyoganda na kusukwa katika kibuyu, kisha ikawekwa hata ikapata harufu kali. Kijiko kimoja katika chungu cha maharage au cha isombe chatosha kuijulisha nyumba yote kwamba chakula kimeiva. Wazee huipenda, vijana wengi wa mjini hujiziba pua. Kwa hiyo shemeji hakukosa: kanuni ni ile ile, yaani kitu kidogo chenye harufu nzito kukibadilisha chakula kisicho na harufu.

Na ladha je? Nitasema nilivyoona mimi. Harufu hutangulia, nzito, kama kitunguu saumu kilichofukiwa katika udongo wenye mvua, na nyuma yake kuna kitu cha jibini na hata cha jasho. Katika viazi ilinipendeza kwa vipande vitano vya kwanza. Cha sita kilinitosha. Tambi zilikuwa zimetiwa mafuta hayo kupita kiasi, hata uyoga wenyewe, ambao ulikuwa mzuri na umekaangwa vyema, usionekane kwa ladha. Yai ndilo lililokuwa bora kuliko vyote. Mafuta ya kiini yaliishika harufu ile na kuilainisha, na mkate ukaipokea, nasi sote watatu tukalitazama lile tonge la mwisho kwa heshima, kila mmoja akingoja mwenzake alichukue. Akachukua mdogo wangu.

Baada ya hapo waliongea, na maongezi hayo ndiyo niliyoondoka nayo moyoni zaidi kuliko chakula. Shemeji alisimulia jinsi kule walivyokula wali na samaki wa kopo majuma kwa majuma, na jinsi Jumapili moja mwenzao mmoja alivyopata maharage akayapika, watu wazima wakanyamaza kimya wakila. Katika simu hakuwa amelisema hilo hata siku moja. Kwa simu alisema wanakula vizuri. Mdogo wangu naye akamwambia kwamba mtoto wao wa pili alilazwa siku nne kwa malaria, jambo ambalo shemeji alikuwa hajalisikia. Alikuwa amelificha asimtie wasiwasi kazini. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema lolote. Mimi nilivirudia viazi, ambavyo kwa wakati huo vilikuwa vimekwisha poa. Kisha shemeji akauliza ni wodi gani, nani alikuwa akikaa na mtoto usiku, na fedha zilipatikana wapi, naye akajibiwa moja baada ya jingine.

Malipo yalifika faranga 42,000 pamoja na vinywaji. Daftari lilitolewa mkobani, maana lilikuwa limekuja nasi, na hesabu ikaandikwa pale pale mezani.

Nirejee sasa kwa mama wa Kanombe na kile kichupa chake. Kabla hatujaondoka nilimwuliza mhudumu kama ndani ya mafuta yale mna trufu kweli. Akaenda jikoni, akarudi na chupa, akaiweka mbele yangu bila kificho. Kibandiko kilisema mafuta ya zeituni, na chini yake neno la Kifaransa arôme, yaani kitu kitiacho harufu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta yauzwayo duniani kwa jina la trufu hayakutengenezwa kwa trufu. Ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa kemikali ya kiwandani iitwayo 2,4-dithiapentani. Kemikali hiyo imo kweli katika trufu nyeupe, lakini katika uyoga wenyewe imo pamoja na harufu nyingine nyingi. Ikitiwa peke yake ni kama kusikiliza tarumbeta moja ya bendi nzima ya jeshi. Tena ina salfa ndani yake. Ile harufu mbaya itiwayo kwa makusudi katika gesi ya kupikia, ili ikivuja tuitambue, nayo ni ya jamaa ya salfa. Kwa hiyo mdogo wangu alipoinuka kitini alikuwa na haki, na ningemshauri kila mama apikiaye gesi, siku atakayotumia mafuta hayo nyumbani, afunge kwanza mtungi na kuhakikisha kwamba anachokinusa ni chakula.

Basi, mama, matone machache katika chakula si jambo la kuogofya hata kwa watoto, ijapokuwa sijaona mtoto aliyeomba aongezewe. Kuhusu bei, shauri langu ni hili: geuza chupa, usome nyuma. Ukikuta neno la harufu na hukuti jina la uyoga wenyewe, ujue kwamba wanunua mafuta ya saladi yaliyovaa sare za mtu mwingine. Aidha harufu hiyo haidumu. Chupa ikiisha funguliwa hupungua nguvu mwezi baada ya mwezi, na chupa nyingi huishia kusahauliwa kabatini. Kama lengo ni kuonja tu, ni nafuu kuonja mara moja mkahawani kwa kugawana sahani moja.

Shemeji alivutiwa zaidi na habari ya jinsi trufu inavyotafutwa, kwa kuwa aliwahi kutumika katika kikosi cha mbwa. Zamani Wazungu waliitafuta kwa nguruwe jike aliyefungwa kamba, ambaye hahitaji kufundishwa. Taabu ni kwamba nguruwe akiipata huila, na kumzuia mnyama wa uzito huo si kazi ya mzaha. Tena huichimbua mizizi na kuiharibu. Italia ilikataza kutumia nguruwe tangu 1985. Sasa hutumika mbwa, hasa wa kabila la Lagotto Romagnolo, wenye manyoya ya kusokotana. Mbwa hufundishwa kama afundishwavyo yule anusaye baruti na dawa za kulevya: huonyeshwa harufu, akiipata hutuzwa kipande cha mkate au nyama, naye kwake kazi yote ni mchezo wa kutafuta tuzo. Shemeji alisema kwamba mbwa mzuri hujulikana kwa jambo moja, kwamba akikosa kitu hasemi uongo ili apewe tuzo. Sijui kama katika misitu ya Alba husema hivyo, lakini nadhani watakubaliana naye.

Habari nyingine yawahusu askari zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ufaransa ilivuna trufu kwa mamia ya tani kila mwaka. Siku hizi huvuna makumi tu. Sababu ni kadhaa, zikiwemo misitu kubadilishwa matumizi na ukame, lakini moja itajwayo sana ni vita ya 1914 hadi 1918. Wakulima waliojua ni mwaloni upi unazaa na ni lini ufukuliwe waliitwa jeshini, na wengi wao hawakurudi. Siri za namna hiyo baba alimwonyesha mwana kwa miguu, msituni, asiandike popote. Miti ilibaki imesimama, na hapakuwa na mtu aliyejua iliyoko chini yake. Leo mialoni iliyotiwa mbegu ya trufu nyeusi mizizini hupandwa hata Australia na Afrika Kusini, nayo huzaa baada ya miaka kadhaa. Trufu nyeupe bado ni ngumu mno kulimwa.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu pekee. Ndugu zetu waishio Ghuba, wakiwemo Waswahili wa Omani, wanaijua trufu ya jangwani, ambayo Waarabu huiita kamaa au fagaa. Huonekana baada ya mvua zinazokuja na ngurumo, udongo ukapasuka kidogo juu yake, na watu hutoka na familia zao kuitafuta kwa macho. Waislamu wa Biryogo watakumbuka kwamba kamaa imetajwa katika hadithi mashuhuri ya Mtume kuwa ni katika mana. Huko huipika na wali au na nyama, kwa wingi, kama chakula na si kama manukato. Kusini mwa bara letu, katika Kalahari, wenyeji wa Botswana na Namibia wamekuwa wakiifukua trufu yao tangu kale na kuichoma katika majivu ya moto. Hakuna aliyewaandikia bei ya mnada.

Nasi tuna uyoga wetu. Ibihumyo viotavyo juu ya vichuguu mvua zinapoanza ni kazi ya mchwa: wadudu hao huulima uyoga huo ndani ya nyumba yao kwa kutafuna majani na miti, nao huutegemea kwa chakula. Mwanadamu hajaweza kuulima kwa urahisi, ndiyo maana mtu huungoja msimu wake. Jamaa yake mmoja aotaye Zambia hufikia upana wa mita moja, mwavuli kamili wa kumkinga mtoto na mvua. Uyoga wa kulimwa nao waongezeka. Katika wilaya ya Huye kiko kituo cha ushirikiano wa kilimo baina ya China na Rwanda kifundishacho kuotesha uyoga kwa nyasi ya juncao, njia iliyobuniwa na Profesa Lin Zhanxi wa Fujian katika miaka ya 1980 ili watu waache kukata miti kwa ajili ya kuoteshea uyoga. Mwenye chumba kimoja chenye giza na unyevu aweza kuvuna.

Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo, hasa kwa askari walioko doria na kwa watoto wanaochunga. Uyoga wa porini usioujua usiuguse. Iko aina ambayo sumu yake haiondoki kwa kupikwa, wala kwa kukaushwa, wala kwa chumvi. Mtu huula ukiwa mtamu, akalala salama, na maumivu ya tumbo huanza baada ya saa sita, saa kumi na mbili au zaidi. Kisha hupata nafuu ya uongo, huku ini likiharibika. Yale majaribio ya kijiko cha fedha, au ya kutazama kama konokono ameula, hayana maana yoyote. Mtu akiugua baada ya kula uyoga apelekwe hospitali upesi, na masalio ya uyoga yachukuliwe pamoja naye ili daktari ayaone.

Mwisho, kwa ajili ya mama wa Kanombe na wengine watakaotaka chakula cha harufu kwa bei ya nyumbani, hivi ndivyo nilivyopika Jumapili iliyofuata, shemeji akiwa mgeni. Chukua nusu kilo ya uyoga mweupe wa kulimwa, ule ambao Wafaransa huuita pleurote. Usiuloweke majini, upanguse kwa kitambaa kibichi, uuchane kwa vidole kufuata nyuzi zake. Utie katika kikaango kikavu chenye moto mkali, bila mafuta, uugeuze mpaka maji yake yatoke na kukauka na kingo zianze kuwa za kahawia. Ndipo utie mafuta kijiko kimoja, kitunguu kilichokatwa, punje mbili za kitunguu saumu na chumvi, ugeuze kwa dakika tano. Vunja mayai manne juu yake, ufunike, uepue kiini kikiwa bado laini kwa watu wazima; ya watoto yaive kabisa. Zima moto. Sasa tia nusu kijiko cha amavuta y'inka, ufunike tena kwa dakika moja. Samli hii isitiwe moto ukiwaka, kwani harufu yake itakwenda na moshi. Yatosha watu wanne kwa viazi vya kuponda, na ikiwa kuna kijana ajizibaye pua, mpakulie kwanza kabla ya kuitia.